Mhadhara wa Rejeta, Kona ya Kitonga

Itifaki imezingatiwa. Mama mkwe mheshimiwa, mashemeji, shangazi, pamoja nanyi nyani mliojipanga ukingoni mwa barabara: karibuni kwenye mhadhara wangu kuhusu rejeta iliyopasuka. Najua saa hizi mlitarajia tuwe Iringa, mnakula pilau la harusi. Lakini pilau hupikwa kila Jumamosi, ilhali mtaalamu wa hadhi yangu hapatikani hovyo, tena bure, katikati ya mlima Kitonga.

Sifa zangu nitazitaja kwa ufupi, maana sipendi kujisifu. Nimemiliki Prado hii ya mwaka 1998 kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo nimewalipa mafundi fedha ambazo zingemsomesha mtu hadi awe daktari. Kwa kuwa hakuna aliyesomeshwa, nimeona udaktari huo niuchukue mwenyewe.

Sura ya kwanza: maumbile. Maji huzunguka ndani ya injini, hubeba joto, hupita kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta, hupozwa na upepo, kisha hurudi kazini. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba. Zikitoboka, fundi alizichomelea kwa risasi na safari ikaendelea. Hii yangu ni ya alumini, ina tenki za plastiki. Plastiki hiyo imekuwa ikipata moto na kupoa tangu Mzee Mkapa yuko Ikulu, hata imekakamaa kama kaka la yai. Tazameni pale shingoni, mpira wa juu unapoingilia: ufa mwembamba kama unywele. Shemeji, usiuguse. Bado una hasira.

Sura ya pili: shinikizo. Kifuniko kile kimeandikwa 1.1. Wasiosoma hudhani ni bei. Ni kipimo cha shinikizo: kifuniko huyabana maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yakavumilia hadi karibu 120. Ndiyo maana ukikifungua gari likiwa la moto, maji hulipuka kuwa mvuke na kukurukia. Ugunduzi huo niliufanya mwaka juzi kwa mkono huu wa kulia, ambao mnauona una rangi mbili. Sisi watafiti hatuamini mambo ya kusimuliwa.

Sura ya tatu: dalili. Maji hupungua kila asubuhi, na chini huoni hata tone, kwa sababu yanayovuja hukaukia juu ya rejeta yenyewe na kuacha michirizi ya rangi. Kisha huja harufu tamu. Kulanti ina utamu wa kulaghai, nayo ni sumu. Msiache mbwa wala mtoto aionje. Hapa natambua mchango wa mama mkwe, ambaye tulipopita Mikumi aliuliza, "Baba, mbona kunanuka peremende?" Nikamjibu ni maua ya mbugani. Jibu hilo lilikuwa la kisayansi kabisa kwa wakati ule.

Sura ya nne: tiba. Nimetibu rejeta hii kwa binzari, ute wa yai na pilipili manga. Nadharia yake ni kwamba chembe hukimbilia penye ufa na kupaziba. Huziba kweli, ila hazina macho: huziba na vijibomba vizima. Ndiyo maana hita ya gari hili haijatoa joto tangu Pasaka, na tukisimama kwenye foleni watu huuliza nani anapika. Themostati nayo niliing'oa. Hukaa imefunga hadi maji yafike nyuzi 82 hivi, ndipo ifungue njia ya kwenda kwenye rejeta; nikaona ni urasimu usio na tija, maji kusubirishwa mlangoni. Tangu siku hiyo dizeli inakwenda kama maji, na maji yanakwenda kama dizeli.

Sura ya tano: uchumi. Joto likizidi, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, maji huingia kwenye oili, na oili hugeuka chai ya maziwa. Kwenye gari la automatiki kama hili, mafuta ya giaboksi nayo hupozwa kwa bomba lililo ndani ya tenki la chini la rejeta. Bomba hilo likipasuka, utaiaga na giaboksi. Ukijumlisha hasara zote hizo, rejeta mpya ni bei ya karanga. Fundi wangu aliniambia hivyo mwezi uliopita. Nikamuuliza kati yetu nani daktari.

Sura ya sita ingehusu huduma ya kwanza, lakini naona kijana mmoja, utingo wa lori lile la vitunguu, ameingilia mhadhara bila kunyoosha mkono. Walau ametoa shikamoo. Wakati nikiwa sura ya pili alikuwa anasubiri rejeta ipoe. Kisha akafuta ufa kwa kitambaa, akausugua kwa msasa, akakanda gundi ya chuma ya mafungu mawili, akapaka, akaiacha ishike. Sasa anajaza maji taratibu kutoka kwenye dumu lake, na kifuniko amekiacha kimelegea ili shinikizo lisijengeke. Anasema tutafute pa kugeuzia, tushuke polepole hadi Ruaha Mbuyuni kwa mafundi. Mshale wa temperecha ukipanda, tusimame na kuzima papo hapo. Hayo yote nilikuwa nakaribia kuyasema.

Tumefika wakati wa maswali. Naona mwenye swali ni utingo peke yake. Sema, kijana.

"Mzee, mshale ulipoanza kupanda ulikuwa unafanya nini?"

Swali zuri sana. Nilikuwa namweleza mama mkwe kwa nini gari hili haliwezi kuchemsha.

Sasa tuingie sura ya saba... Mama mkwe? Mama, mbona unapanda lori? Huko mbele mmekaa wanne tayari! Shangazi, na wewe?

Basi, wahadhiriwa mliobaki, sogeeni karibu. Hata nyinyi nyani.