Chanda Chema na Pete Isiyopita
Methali inayosema kwamba chanda chema huvikwa pete imenyamaza kabisa kuhusu mzingo wa chanda chenyewe, na ukimya huo umewapa wachumba wengi wa pwani ruhusa ya kumwendea sonara, yaani fundi wa mapambo ya dhahabu na fedha, wakiwa na kipimo kimoja tu, ambacho ni kidole chao wenyewe cha mwisho. Sonara ana pete za kupimia, kila moja na namba yake, lakini bwana harusi mtarajiwa huona kuwa kuulizia namba ya mchumba ni kutoboa siri, ingawa siri hiyo hujitoboa yenyewe pale pete inapogoma kwenye kifundo mbele ya mashahidi na sabuni ikaagizwa jikoni. Kidole hutuna wakati wa joto na kunywea wakati wa baridi, kwa hiyo kipimo cha alfajiri ya Julai hakina ahadi yoyote na mchana wa Februari.

Pete ikishapita, huanza mateso ya nyumbani. Dhahabu ya karati 18, yaani yenye sehemu 18 za dhahabu halisi katika kila sehemu 24, husuguliwa kwa dawa ya meno, ambayo ina chembe za kukwaruza, kisha huloweshwa katika dawa ya madoa yenye klorini, ambayo hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu hiyo. Lulu nazo hutiwa siki, ambayo huzila. Kwa dhahabu, maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha, ila havina sifa ya kusimuliwa kwa majirani.