Barua ya pongezi kwa Mkurugenzi wa Hospitali Kamili ya Saratani ya Goma

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Hospitali Kamili ya Saratani,
Goma, Kivu Kaskazini.

Inahusu: pongezi kwa huduma bora

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu za wakaaji wa Goma, kutoka Birere hadi Mugunga. Hatuandiki kulalamika. Walalamikaji wamejaa kila barza, na wote wamekwisha kulipwa ahadi. Sisi tunaandika kukupongeza, kwa sababu katika hospitali zote za mji huu, yako ndiyo pekee ambayo hatujasikia muuguzi amemkaripia mgonjwa. Hakuna aliyelazwa chini kwa kukosa kitanda. Dawa hazijawahi kuisha stoo, mashine hazijawahi kuharibika, wafanyakazi hawajawahi kugoma kwa ajili ya mshahara. Wala hakuna mama aliyezuiliwa wodini wiki baada ya wiki kwa sababu hajamaliza fakitire, jambo ambalo kwenye hospitali zenye ukuta na geti tumelizoea hadi tunalihesabu kuwa sehemu ya matibabu. Sifa zote hizi umezipata kwa njia moja tu: hospitali yako haijajengwa.

Wenye wivu watasema hospitali isiyojengwa haitibu mtu. Hao hawajaugua. Hospitali yako inafanya kazi usiku na mchana, ila vitengo vyake vimetawanyika kidogo. Mapokezi yako Petite Barrière, mpakani na Rwanda, pale ambapo makumi ya maelfu ya watu wamezoea kuvuka kwa siku wakiwa na nyanya, unga na ndoo kichwani. Chumba cha mionzi kiko Kanombe, Kigali, na kimekuwa kikifanya kazi tangu 2019. Wodi ya kemo moja iko juu ya milima ya Burera, humohumo Rwanda, kwenye kituo cha Butaro kilichofunguliwa Julai 2012. Nyingine iko Mulago, Kampala. Idara ya ustawi wa jamii imo kwenye simu ya kila mmoja wetu, katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na mhasibu wake ni shangazi asiyelala. Chumba cha kusubiria ni barabara yenyewe.

Tumfuate mgonjwa wako mmoja, umwone anavyohudumiwa. Tuseme ni mama anayeuza samaki wa sambaza sokoni Kituku. Ameona kitu kigumu kwenye titi, hakiumi, kwa hiyo amekiacha. Biashara ya samaki haingoji. Kikianza kuuma, atapewa vidonge kwenye farmasi ya mtaani, kisha mafuta ya maombi, kisha ekografi, kisha vidonge tena. Siku atakapomfikia daktari wa upasuaji, daktari atakata kipande cha nyama na kukitia kwenye chupa. Hapo ndipo ubora wa hospitali yako unapoanza kuonekana. Vipande vingi vya namna hiyo husafiri kuliko wenyewe: hupanda gari, huvuka mpaka, huenda kutafuta mtaalamu wa kuvitazama kwa hadubini. Kipande hakiulizwi jeton ya kuvukia, hakiulizwi kadi ya uchaguzi, hakuna askari anayekiuliza kiko upande gani. Mwenye kipande hubaki Kituku akiuza sambaza na kungoja, na uvimbe nao hauko likizo.

Jibu likija, ukoo unakutana. Hili ndilo jopo lako la madaktari bingwa, Mheshimiwa: wajomba, wakwe, mchungaji, na kijana mmoja aliyesoma kidogo anayesoma karatasi kwa sauti na kuruka maneno asiyoyaweza. Swali la kwanza si ugonjwa umefika hatua gani. Ni parseli ipi itauzwa. Swali la pili ni makuta yatapita wapi, kwa kuwa benki za mji zilifunga milango Januari 2025, vita vilipoingia mjini, na tangu hapo hela hupita kwenye simu, na kila inapopita huacha ngozi kidogo kama mbuzi kwenye waya.

Mtu mwenye uzalendo atauliza: kwa nini asiende Kinshasa? Kule mionzi siku hizi inapatikana. Swali zuri. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa kwa ndege, na barabara ya kumfikisha mgonjwa akiwa hai hakuna. Uwanja wa ndege wa Goma nao umefungwa kwa abiria tangu vita vya Januari 2025. Kwa hiyo mama wa sambaza, ili afike katika mji mkuu wa nchi yake, atoke kwanza nje ya nchi yake, apandie ndege ugenini, abadilishe ndege ugenini kwingine, ndipo ashuke nyumbani. Tumeuliza kote. Hakuna hospitali nyingine inayompitisha raia mipaka ya watu wawili ili akatibiwe kwao.

Basi anakwenda Kigali, au anavuka mpaka wa Bunagana, anapita Kisoro, Kabale na Mbarara hadi Kampala. Bima ya mutuelle ya jirani si yake. Yeye ni mgeni, analipa kigeni. Redioni wakubwa wanatukanana kwa niaba yake, lakini yeye yuko kwenye foleni na anachouliza ni kama foleni imesogea.

Mheshimiwa, ruhusu tukae kidogo kwenye stoo yako ya malighafi, maana hapo ndipo unapowashinda wote duniani. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa ulimwenguni inatoka katika nchi yetu, kule Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti hiyohiyo, ikipigwa nyutroni ndani ya reakta, hugeuka kuwa kobalti-60, na miale ya kobalti-60 imekuwa ikichoma uvimbe wa saratani tangu 1951, Wakanada walipoitumia kwa mgonjwa mara ya kwanza. Mtu anaweza kusema: sawa, kobalti mnayo, lakini reakta? Reakta ya kwanza ya nyuklia katika bara zima la Afrika iliwashwa kwetu, katika chuo kikuu cha Lovanium, mwaka 1959, kabla hatujapata bendera. Na uraniamu? Sehemu kubwa ya ile iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima ilichimbwa kwetu, Shinkolobwe. Yaani tulikuwa na madini, tukawa na reakta, tukawa na wagonjwa. Kuua mji mzima Asia kwa atomi za Kongo kuliwezekana mwaka 1945. Kuchoma uvimbe mmoja wa Kituku kwa atomi hizohizo bado kunafanyiwa utafiti wa kina.

Hatusemi hakuna linalofanyika. Februari 2022, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilizindua mpango wa Rays of Hope jijini Addis Ababa, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa saba za kwanza kuandikwa. Matumaini tuliyapokea siku ileile. Miale bado haijafika Goma.

Na tukubali kwamba kuwa na mashine ni hatari. Waulize Waganda. Taasisi yao ya saratani ilianzishwa mwaka 1967, katika mji uleule ambako daktari Denis Burkitt alikuwa ametambua uvimbe wa taya unaowashika watoto wa nchi zenye malaria nyingi, ugonjwa unaobeba jina lake hadi leo. Mwaka 2016 mashine yao ya kobalti, ambayo ilikuwa ikiwahudumia hata watu wa kwetu, ilikufa kabisa. Waganda walipiga kelele magazetini na bungeni, serikali ikaona haya mbele ya dunia, na mwanzoni mwa 2018 mashine mpya ikazinduliwa. Wewe umetuepusha na fedheha hiyo. Kisichokuwepo hakiharibiki, na kisichoharibika hakimpi waziri kazi ya kueleza.

Tunaelewa pia kwa nini hospitali yako haikujengwa. Goma ni mji wa dharura. Risasi, kipindupindu, mpox, Ebola iliyotupitia 2019, volkano ya 2002 na ile ya 2021: kila janga lina Land Cruiser yake nyeupe, bendera yake na msemaji wake. Saratani bado haijapata gari. Haina mlio, haikimbizi watu kwenda kambini, haipigwi picha vizuri. Inamwua mtu mmoja mmoja, chumbani, pazia limeteremshwa, na majirani wanaambiwa ni tumbo.

Kuhusu chumba hicho tungependa kusema neno bila utani, halafu tutarudi kwenye adabu zetu. Ng'ambo ya Bunagana, Waganda wana morfini ya maji. Unga huchanganywa na maji, hutiwa kwenye chupa, mgonjwa hunywa nyumbani kwake bila kulipa, na muuguzi aliyefundishwa anaruhusiwa kuiandika. Kazi hiyo iliasisiwa na Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na bei ya chupa ni ndogo. Huku kwetu, mtu ambaye saratani imemwingia mifupani hupewa parasetamoli, na ikishindwa hupewa zaburi. Zaburi hatuidharau. Lakini kuna usiku kartie nzima husikia mtu mmoja akilia mpaka kuku wa alfajiri wanamjibu, na asubuhi hakuna anayemtazama mwenzake machoni.

Tunajua una wakubwa wawili, Mheshimiwa, na hilo halikosi kukutatiza. Kuna serikali ya Kinshasa, ambayo ramani inasema ni yetu. Kuna wenye bunduki waliopo hapa mjini, ambao barabara inasema ni wenyewe. Hawakubaliani juu ya bendera, juu ya uwanja wa ndege, wala juu ya nani alianza. Kwenye ushuru tu ndipo tunapoona undugu wao. Mama wa sambaza ameulizwa risiti na kila utawala uliopita Kituku, na hakuna hata mmoja uliomwuliza titi linaendeleaje.

Kwa hiyo hatutakuomba mashine. Mashine ni ndoto ya watu wenye umeme usiokatika. Tunaomba siki. Siki ya kawaida, ile ya saladi: muuguzi aliyefunzwa akiipaka kwenye mlango wa kizazi, sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe machoni pake baada ya dakika moja hivi, na inaweza kugandishwa au kuchomwa kabla haijawa saratani. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi katika nchi hii, na dawa ya kuigundua iko kwenye duka la kila Mhindi mjini. Tunaomba watu wa kutosha wa kutazama hadubini humuhumu Goma, ili vipande vyetu viache utalii. Tunaomba ile chupa ya morfini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji uwanja wa ndege, wala makubaliano ya amani, wala mwekezaji.

Ukiona haya nayo ni makubwa mno, basi angalau tupe kibao. Kibao cha chuma, kimeandikwa jina la hospitali yako, kisimamishwe Petite Barrière upande wetu, ili mgonjwa anapovuka ajue ndipo alipolazwa.

Wako watiifu,
Wakaaji wa Goma, kwa niaba ya wagonjwa walioko njiani

Nakala kwa:

– Waziri wa Afya, Kinshasa. Barua nayo haina ndege, itapitia Kigali.

– Wakubwa walioko mjini. Tutaileta kwa miguu. Njia ya ofisi ya ushuru tunaifahamu.

– Wenye mabasi ya Kampala–Goma. Tafadhali muwe mnasimama Mbarara muda mrefu kidogo. Wanaotoka kwenye kemo hutapika, na wanaona aibu kuomba.