Upupu Upewe Heshima Yake

Katika njia za miguu zinazoteremka kutoka vijijini hadi ufukweni, kuanzia Kwale mpaka Mtwara, hakuna mmea unaolaaniwa kama upupu. Mnazi huimbwa, mbuyu huogopwa, mikoko hufanyiwa semina, mwarobaini huchemshwa na kunywewa. Upupu hupigwa panga, tena kwa mbali. Hata shuleni hautajwi ila siku ambayo kiti cha mwalimu kimepakwa. Nataka kuutetea, na siuonei huruma, kwa maana hauhitaji huruma ya mtu. Nadai kwamba miongoni mwa mimea yote inayopakana na njia zetu za pwani, ya kienyeji na ya kigeni, upupu ndio unaolinda kichaka bila mshahara, bila bango na bila faini, na kwamba tunauchukia kwa sababu ileile inayoufanya ufae.

Tuanze na mmea wenyewe, maana wengi wanaoulaani hawajawahi kuutazama vizuri. Upupu ni jamaa ya kunde na maharage. Hutambaa na kupanda juu ya miti, majani yake yako matatumatatu, maua yake ya zambarau iliyokolea huning'inia vishada kwa vishada, na maganda yake hujipinda kama herufi S. Juu ya maganda hayo kuna manyoya ya rangi ya dhahabu iliyofifia, mazuri kiasi cha kumshawishi mgeni ayapapase. Akipapasa, amekwisha. Kila unywele ni sindano iliyobeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho Walter Shelley na mwenzake walikieleza mwaka 1955. Mwaka 2008 watafiti wengine walionyesha kwamba kimeng'enya hicho huamsha vipokezi maalumu vya mwilini na kuleta muwasho kwa njia isiyotegemea histamini, ndiyo maana vidonge vya mzio havimsaidii sana aliyepatwa, naye hubaki kupakwa jivu na bibi yake. Maabara zinazochunguza muwasho wa kudumu huchukua vinywele vichache vya upupu na kuvigusisha kwenye mkono wa mtu aliyejitolea. Yaani kile ambacho mtoto wa Bagamoyo hukipata bure akipita njia ya mkato, kwingine hutolewa kwa fomu na sahihi. Madaktari wa Ulaya wa karne ya 18 na ya 19 walikwenda mbali zaidi: waliyachanganya manyoya hayo na asali au sharubati, wakawamezesha wagonjwa ili kufukuza minyoo. Minyoo, naamini, iliondoka kwa hiari.

Sasa tuje kwenye kazi yake. Misitu ya asili iliyobaki pwani ya Kenya imebaki kwa nini? Uzio haukuwepo. Kaya za Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni vipande vya msitu vilivyosalimika katikati ya mashamba, hoteli na viwanja kwa sababu wazee waliviwekea miiko: usikate mti, usiokote kuni, usitoke na kitu. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hutembezwa akiwa amejifunga kaniki, na huambiwa kwamba alichokikuta humo akiache humo. Kilichouokoa msitu kwa vizazi vyote hivyo ni kusita kwa mkono. Mkono ulitaka kuvunja tawi, ukakumbuka jambo, ukarudi. Lakini miiko inategemea watu wanaoiamini, na watu hao wanapungua; kijana anataka nguzo za nyumba, kiwanja kina mnunuzi, na mzee anayekemea anaonekana amepitwa na wakati. Upupu haujapitwa na wakati. Unaufanya mkono usite vilevile, na haubishani na mtu juu ya dini yake wala hati yake ya kiwanja. Mkata kuni asiyejali bango la serikali, aliyezoea kumalizana na mlinzi pembeni, atazunguka mbali asiguse kichaka chenye upupu. Mimi sijui hoja nyingine ya uhifadhi inayomwingia mtu haraka namna hiyo.

Ulinganishe na wageni wenye adabu. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya tropiki kwa ajili ya maua yake ya rangi nyingi. Ndege wakaipenda, wakaisambaza mbegu zake kila mahali, na leo vichaka vyake hufunga njia na kuinyima miche ya kienyeji mwanga, huku mifugo inayokula majani yake ikiugua. Mti wa mathenge nao, mbegu zake ziliagizwa kutoka Brazili na Hawaii mwaka 1973 kwa ajili ya kufufua machimbo karibu na Mombasa, kisha miaka ya 1980 ukapandwa Baringo kuzuia jangwa. Uliahidi kivuli, kuni na lishe, ukapokewa kwa mikono miwili. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo cha madhara yake, kwa kuwa maganda yale matamu huharibu meno ya mifugo mpaka yakang'oka. Mwarobaini, uliotoka Bara Hindi na kuwa daktari wa kila mtaa, sasa huota wenyewe ndani ya misitu iliyo juu ya miamba ya matumbawe, ukipelekwa na ndege na popo, na hakuna anayethubutu kuusema vibaya kwa sababu kila nyumba imewahi kuuhitaji. Hapo ndipo penye hoja yangu. Madhara yanayopendeza hayapati upinzani, nayo hukua yakiwa yamekaribishwa sebuleni. Madhara ya upupu yanajitangaza dakika ile ile, tena kwa sauti ya aliyepatwa. Muwasho wake utakwisha. Lantana ikishakita mizizi, wajukuu wataikuta.

Nitaambiwa kwamba huu ni ukabila wa mimea. Hoja hiyo ni ya haki, kwa sababu ukiamua kufukuza kila mgeni pwani itabaki na njaa. Mnazi wenyewe, ambao bila huo hakuna wali wa nazi wala paa la makuti, chimbuko lake liko mbali, katika mwambao na visiwa vya Asia na Pasifiki. Mwembe ni wa Bara Hindi. Na mfano mgumu kuliko yote dhidi yangu uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipewa kazi ya kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu lenye joto na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikapona tatu: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Somalia, na mvinje, ambao watu wengi huuhesabu kuwa mgeni kutoka Asia ya Kusini-Mashariki na Australia. Mvinje ulishinda kwa sababu mizizi yake huishi na bakteria wanaoipatia naitrojeni kutoka hewani. Leo watu wanatembea na kuendesha baiskeli chini ya kivuli chake. Nakubali yote hayo. Ila kuna sehemu ya hadithi ambayo watalii huipita haraka: majani ya mvinje yalianguka yakarundikana, hayakuoza, na bila kuoza hapakuwa na udongo. Aliyeyasaga akayageuza mbolea ni jongoo mwenye miguu myekundu, mwenyeji mwingine ambaye hakuna anayempenda. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Bamburi mgeni alikuja, na aliyemponya ni mwenyeji. Kwa hiyo simlaumu mgeni kwa ugeni wake. Nalalamika kwamba mwenyeji mtenda kazi hana hata kiti.

Pingamizi zito zaidi ni la wasio na hatia. Upupu haumtofautishi mkata miti na mtoto anayefuata mbuzi. Upepo ukivuma, vinywele humfikia hata aliyekaa njiani kwa heshima zote, na vikiingia jichoni ni jambo la hospitali. Hapa sina ujanja, ni kweli. Naongeza tu kwamba sehemu kubwa ya sifa mbaya ya upupu imetengenezwa na binadamu. Upupu haujawahi kuingia darasani kwa miguu yake, wala haujawahi kujipaka kwenye kiti cha mtu. Wengine watasema: mlinzi gani wa msitu ambaye haoti ndani ya msitu? Ni kweli pia kwamba katikati ya msitu mnene huuoni; hupenda mwanga, hivyo huota ukingoni, kwenye shamba lililoachwa, pale panga lilipopita. Lakini ukingoni ndiko msitu unakoliwa, na mlinzi hukaa mlangoni. Kuhusu kwamba hutambaa juu ya miche na kuikaba, nakiri kosa hilo, kisha naomba lipimwe kwa muda wake: ukishazaa, kiangazi huukausha ukafa, majani yake yakaoza, na vinundu vya mizizi yake vikaacha naitrojeni ardhini kama ilivyo kwa kunde zote. Lantana ni kichaka chenye mashina magumu ya kudumu, haiagi.

Ningeweza kuusifu kwa faida, kama wanavyosifiwa waheshimiwa. Mbegu zake zina dopa kwa wingi, kiini kilekile kinachotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, na wanasayansi wa India walikitenga kutoka katika mbegu hizo tangu mwaka 1937. Iko pia aina yake isiyowasha, ambayo wakulima wa nchi nyingi huipanda kurutubisha shamba na kufunika magugu, na kusini ya Marekani ililishwa ng'ombe. Inachekesha kwamba binadamu aliupenda upupu mara alipofaulu kuunyoa. Ule wenye manyoya, unaofanya kazi hiyo hiyo kando ya njia bila kuajiriwa, bado unafukuzwa. Lakini siegemei kwenye faida hizo, kwa sababu anayeupenda upupu kwa dawa yake ataung'oa siku atakayopata kidonge.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Halmashauri zinazosafisha njia za ufukweni zifyeke upupu pale tu unapoigusa njia yenyewe, na zianze na lantana. Nawe msomaji, masika ikishapita na maganda yakaanza kukauka, vaa mikono mirefu, pita upande upepo unakotoka, usiguse chochote chenye manyoya ya dhahabu, na uuache pale ulipo.