Mkurugenzi wa Vikombe

Siku hizi ukikuta kabati la sebuleni limejaa vikombe vyenye picha ya mwenye nyumba, usidhani anagombea udiwani. Kafungua kampuni ya kuchapa picha kwenye vikombe. Yeye ndiye Mkurugenzi Mtendaji, mkewe ni Idara ya Fedha, na mtoto wa darasa la tano ndiye pekee anayeijua kompyuta.

Mashine imetoka Kariakoo. Muuzaji alieleza yote isipokuwa yanayogharimu: kwamba wino ni wa aina yake, karatasi ni ya aina yake, na kikombe sharti kiwe kimepakwa utando maalumu, la sivyo picha haishiki. Kile cha chai ya babu hakifai. Picha huchapwa kinyumenyume kwenye karatasi hiyo, kisha kikombe hubanwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika tatu hivi. Anayesahau kugeuza maandishi huuza "Heri ya kuzaliwa" ya kusomea kwenye kioo. Umeme ukikatika katikati, bwana harusi hutoka amepauka siku ya harusi yake.

Wateja wa kwanza ni ndugu, nao hununua kwa mkopo. Shangazi anataka chenye sura yake, ila apunguzwe umri.

Hesabu ya faida ipo, tena imepigiwa mstari: bei ya kuuzia, toa bei ya kikombe. Wino, luku, vilivyopasuka na vya "nionyeshe sampuli kwanza" havimo. Ndugu Mkurugenzi, viingize leo, kisha ututangazie tena hiyo faida.