Shangazi Apanga Zizini

Wenye mashamba makubwa wa Uskoti wa karne ya 18 na ya 19 walijenga kwa mawe, na mifugo yao waliijengea vizuri kuliko wengi wetu tunavyojijengea wenyewe. Zizi la ng'ombe, banda la farasi, ghala la nafaka na kibanda cha mikokoteni vilipangwa kuzunguka ua mmoja, kuta zikiwa na unene wa nusu mita na zaidi. Kisha likaja trekta. Milango iliyopimwa kwa farasi haikulipitisha, sembuse mashine ya kuvunia, basi wakulima wakajenga mabanda mapana ya chuma pembeni, na majengo ya mawe wakawaachia popo. Siku hizi mengi yametiwa umeme, jiko la kuni na mashuka meupe, na hukodishwa kwa watalii kwa bei ambayo ingemtoa ng'ombe machozi.

Juni moja, familia ya Kitanzania iishiyo London ilikodi jengo la namna hiyo huko Perthshire: mume, mke, watoto, na shangazi wa mume aliyekuja kutembea kutoka Tanga. Tangazo lilisifu utulivu. Kuhusu jua halikusema neno.

Perthshire mwezi huo jua huzama saa nne usiku, na kabla ya saa kumi na nusu alfajiri limesharudi. Giza kamili halifiki kabisa, ndiyo maana misikiti ya huko huswalisha isha kwa ratiba za kukubaliana. Shangazi, ambaye kwao magharibi huadhiniwa kabla ya chakula cha usiku, alikula, akatia udhu, akakaa dirishani. Watoto walilala. Kondoo wa mlimani walikuwa bado wanakula.

"Hili jua," aliuliza hatimaye, "lina kazi gani hapa mpaka saa hizi?"

Asubuhi aliingia bafuni, akafungua bomba, akatoka upesi. "Mwanangu, hawa watu hawakuosha hodhi lao." Walikuwa wameliosha. Nyumba nyingi za mashambani huko hazijaunganishwa na maji ya mji. Hutumia kijito au kisima cha shamba lenyewe, na maji yakipita kwenye ule udongo mweusi wa mimea iliyooza hufika bombani na rangi ya strungi. Huchujwa na kumulikwa kwa mwanga maalumu wa kuua vijidudu, lakini mwanga huo hauondoi rangi. Shangazi aliyaoga, ila kwa bismillahi ndefu kuliko kawaida.

Chooni nako hakukuwa na kopo wala mpira. Alitazama huku na huku, akakitwaa chombo cha kumwagilia maua kilichokuwa dirishani, na tangu hapo maua ya mwenye nyumba yakawa yananyweshwa kwa jagi la maziwa.

Balaa kubwa lilianzia kwenye jiko la kuni. Mume aliliwasha kwa magogo yaliyonyeshewa mvua, akafungua kijimlango chake aone kama moto umeshika, moshi ukachungulia sebuleni. Tangu Februari 2022 sheria ya Uskoti inataka kila nyumba iwe na ving'ora vya moto vilivyounganishwa: kimoja kikilia, vyote vinalia. Vikalia. Cha sebuleni, cha koridoni, hata cha jikoni ambako hakuna aliyekuwa akipika. Familia nzima ikakimbilia nje, jioni ya manyunyu isiyo na upepo hata wa kutikisa jani.

Na huko nje walikuwa wakisubiriwa. Usubi wa nyanda za juu una bawa lisilofika milimita mbili. Upepo ukiwepo hujificha. Hali ikitulia hutoka kwa mawingu. Jike pekee ndiye aumaye, naye akishampata mtu humwaga harufu ya kuwaita wenzake karamuni. Shangazi alikuwa amebeba chandarua chake kutoka Tanga. Alipojifunika, usubi ulipita kwenye matundu bila hata kuinama.

Ndani makelele, nje kuumwa. Shangazi alichagua makelele.

Likabaki suala la simu. Ukuta wa mawe unaozuia baridi huzuia na mtandao, na Tanga walikuwa wanangoja habari. Msimamizi wa shamba, mtu mpole wa maneno machache, aliwaelekeza kwenye banda jipya la chuma. Mle kulikuwa na kamera za kuwachunga ng'ombe wachache waliochelewa kuzaa, zikimrushia yeye picha kwenye simu akiwa kitandani kwake. Intaneti ilikuwa ya kutosha na kusaza. Basi kila jioni shangazi alivaa mabuti ya mvua ya kuazima, akajitanda kanga, akaenda kusimama kando ya nyasi kavu na kupiga simu ya video.

"Si ulisema uko Ulaya?" dada yake aliuliza. "Mbona nasikia ng'ombe?"

Shangazi akaigeuza simu ili naye aonekane, manyoya yote usoni. "Msalimie. Ndiye mwenye nyumba, sisi tumepanga kwake."