Mwari, Kunguru na Droni ya Ami

Waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja walikuwa na vita na macho ya watu. Sebule ya mlangoni imepindishwa ili anayebisha hodi asione uani, na mgeni wa kiume anaishia barazani, kahawa yake anafuatwa nayo hapo hapo. Kuna hata wikio, yale madaraja yenye paa yanayopita juu ya uchochoro kutoka nyumba hadi nyumba, ili mwanamke aende kwa jirani bila ya kukanyaga njia. Misikiti mingi ya kale haina mnara. Hilo linatokana na madhehebu ya Uibadhi yasiyopenda mapambo, lakini faida yake ni kuwa mwadhini naye hakupata pa kuchungulia. Upande mmoja tu ulibaki bila ulinzi: juu. Nani angepita huko, zaidi ya kunguru?

Ami yangu yuko Muscat tangu ujanani. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, aliingiwa na hofu ambayo haijamtoka hadi leo. Kila Ijumaa anaulizia paa la nyumba yetu ya mtaa wa Kiponda. Tukampelekea picha za kuta, za nyufa, za ngazi, hata za fundi akiwa amesimama kwenye ngazi akitikisa kichwa. "Hizo ni kuta," akasema. "Mimi nataka paa. Kwa juu. Wajukuu zangu huku wana droni za kuchezea, nyinyi mnashindwa nini?"

Tulichoshindwa ni kibali. Nchini kwetu droni hairuki hivi hivi. Inataka ruhusa ya wenye anga na ya wenye ulinzi, na barua yangu ilikaa meza moja ikahamia nyingine mpaka nikawa najuana na muuza chai wa kila ofisi. Ilipotoka, nikamtafuta kijana anayepiga picha za harusi, mwenye droni, miwani ya jua na maneno mengi.

Majirani niliwaarifu mapema. Nilikaa barazani baada ya alasiri nikaeleza: kesho, saa kumi, picha ya paa letu, dakika chache tu. Wote wakaitikia vizuri. Ilipofika magharibi, midomoni mwa mtaa nyumba yetu ilikuwa imeshauzwa kwa Mtaliano anayetaka kufungua hoteli, na baada ya isha walibisha hodi warithi ambao hata mazikoni sikuwahi kuwaona. Mmoja alikuja na picha ya pasipoti, endapo itahitajika.

Kesho yake droni ikapaa. Nakiri ilipendeza kuitazama, mpaka kunguru walipoiona. Hawa kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja miaka ya 1890, enzi za Mwingereza, eti waje kusafisha taka. Taka zipo mpaka leo. Wao walihamia kwenye mayai na vifaranga vya ndege wenyeji, na sasa inaelekea wameongeza vyombo vya anga. Mmoja alitoka kwenye mkungu akaizunguka, akaita. Ukaja ukoo mzima. Kijana akavua miwani, akaanza kuikwepesha droni, mara kushoto, mara kulia, kisha akaishusha pahala palipokuwa wazi, juu ya paa la jirani.

Hapo ndipo alipokuwa mwari.

Binti wa jirani alikuwa ametiwa ndani akingoja harusi, anasingwa, anafukizwa udi, haonwi na mwanamume yeyote mpaka siku yenyewe. Jioni ile walimpandisha juu apate upepo wa kukausha hina: mikono mpaka viwikoni, miguu mpaka karibu na magoti, na maua ya piko yamepita katikati. Mwenye hina mbichi hawezi kushika kanga ajifunike. Hawezi kukimbia. Anachoweza ni kupiga ukelele, na alipiga ukasikika Darajani. Somo wake, bibi wa makamo mwenye mwili wake, akatazama kulia na kushoto, akanyakua kawa la kufunikia chakula na kumvika mwari kichwani mpaka mabegani. Kisha akavua ndara.

"Lishushe hilo!" akatupigia kelele.

"Linashuka, bibi!"

"Lisishuke huku!"

Ndara ya kwanza ilimpata kunguru. Ya pili ikaanguka uani kwetu, na somo akaifuata huko huko, hodi akaipigia ndani. Akaketi ubavuni mwa kijana na kumwamuru afute picha zote zilizowanasa yeye na mwari, mbele ya macho yake, moja moja, lakini kila moja aione kwanza. "Hapa kawa limemkaa vizuri. Futa. Hapa nimenona mno. Futa. Hebu ngoja, hilo si bati letu limeinuka pale kwenye kona? Hiyo nitumie."

Zilizosalia nikampelekea Ami. Akajibu kwa sauti ya huzuni: "Mwanangu, hii siyo nyumba yetu. Yetu ina paa la chokaa, tambarare, tulikuwa tukilala juu wakati wa joto." Aliiacha hivyo. Chokaa na boriti zilipochoka na mvua za masika tukapiga mabati, kama mtaa mzima, na kwa juu Kiponda yote ni kutu, matangi meusi ya maji na madishi. Mimi mwenyewe nilitambua kwetu kwa beseni la buluu.

Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu cha SUZA ndiye aliyetuuliza kwa nini tulijisumbua. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa chuo chao, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walirusha droni juu ya Unguja na Pemba yote, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na picha wakaziweka kwenye intaneti kwa yeyote anayezitaka. Akafungua simu. Paa letu hilo hapo, bure, halina kunguru hata mmoja.

Nikaenda kumwonesha somo, nikidhani atafurahi kuwa si mimi wa mwanzo.

"Elfu mbili na kumi na sita?" Akanyamaza akikumbuka. "Mwaka ule tulianika magodoro ya harusi ya mkubwa. Hebu tazama." Tukatazama, paa lao lilikuwa tupu, limefagiliwa. Akaridhika. "Hao ndio wanaojua kazi," akasema. "Basi mpelekee ami yako hiyo, na salamu zangu. Na mwambie hina ya mwari ilichafuka, imepakwa upya, gharama zake anazo yeye."