Sanduku la Mshauri: Geji, Fyuzi na Waya wa Moto

Barua zilizotufikia juma hili kutoka Turwa, Nyamongo na Mugumu zimetofautiana kwa mwandiko na kwa hasira, lakini asili ya malalamiko yao ni moja: watu wamenunua geji za kuongeza, za moto wa injini, za oili na za volti, wakazipachika juu ya dashibodi kwa fahari kubwa, kisha wakazitafutia umeme kama mtu atafutavyo mkopo, yaani popote utakapopatikana, bila ya kuuliza masharti.

*Mheshimiwa Mshauri,*
*Mimi ni dereva wa Probox baina ya Tarime na Sirari. Nimefunga geji tatu zenye taa za buluu, nzuri mno. Kwa kuwa mimi ni Msabato, gari langu halitembei tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumapili alfajiri, na kila Jumapili nalikuta limekufa betri, abiria wanashuka kunisukuma. Mama watoto ashasema kuna jirani anatutazama kwa jicho baya. Nifanyeje?*
*Msukumwa, Turwa*

Bwana Msukumwa, kabla ya yote nakuomba umwombe radhi jirani yako, hata kama ulikuwa ukimshuku kimoyomoyo tu, kwa maana mla betri yako hakai ng'ambo ya ua bali amekaa mbele ya macho yako, tena anang'aa buluu. Geji zako umezifunga kwenye waya usiozimika, ama ule utokao moja kwa moja katika betri, ama ule wa honi au wa taa za hatari, ambao hubaki na moto hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako nawe uko kanisani. Tukadirie kwamba geji zote tatu pamoja na taa zake hunywa nusu ya ampea: kwa muda wa saa 36 zitakuwa zimekunywa ampea-saa 18, na betri ndogo kama ya gari lako, ambayo aghalabu haizidi ampea-saa 45 ilipokuwa mpya, na sasa imekwisha zeeka kwa kusukumwa kila Jumapili, haina haja ya uchawi ili ife.

Najua ushauri utakaopewa kijiweni, nao ni wa kuuhamishia waya kwenye redio, kwa hoja kwamba redio huzimika ufunguo ukitolewa. Hoja ni kweli, natija yake ni mbovu. Waya wa redio hupata moto kwenye alama ya ACC, na moto huo hukatika pale pale unapopiga stata, hata geji ya oili, ambayo ingefaa ikuonyeshe kama oili inapanda wakati injini inapoamka, huwa imezimika saa hiyo hiyo ya kuhitajiwa, na zile geji za kidijiti huanza upya maamkizi yao, mshale ukizunguka kwa mbwembwe ilhali injini tayari inanguruma. Fauka ya hayo, ukikaa stendi ukingojea abiria na kusikiliza taarabu, utakuwa umeziwasha geji zote kwa ajili ya wimbo mmoja.

Waya unaoutaka wewe ni ule unaokufa ufunguo ukitolewa, usiopata moto kwenye ACC, unaoamka kwenye ON, na unaobaki hai wakati stata inazunguka. Haujulikani kwa rangi, maana gari lililokwisha pita kwa mafundi wanne lina rangi za mafundi wanne, wala haujulikani kwa kubahatisha; hujulikana kwa kupimwa. Azima mita ya umeme, ncha nyeusi uishike kwenye chuma kitupu cha bodi, nyekundu uiguse fyuzi unayoishuku, kisha mwombe mtu akuzungushie ufunguo polepole, kituo baada ya kituo. Bila ufunguo mita isome sifuri; kwenye ACC isome sifuri; kwenye ON isome volti 12 na ushei; stata ikipigwa ishuke, pengine mpaka 10, lakini isitoweke; na injini ikisha kuwaka ipande mpaka baina ya 13.5 na 14.5, ambayo ni kazi ya alternata. Testa ya taa nayo yafaa, illa haitakwambia umeme ni kiasi gani, itakwambia upo tu. Toyota nyingi zina fyuzi iliyoandikwa GAUGE kwenye boksi lililo chini ya usukani, na hiyo ndiyo ningeanza kuipima, ingawa maandishi ya kifuniko yasikuzuie kupima, kwani vifuniko navyo huhamishwa kutoka gari hili hadi lile.

Ukisha kuupata, usiuchubue na kuuzungushia gundi ya plastiki kama mtu afungaye kidonda cha mbuzi. Weka kishikio cha fyuzi cha pembeni, geji zako zipate fyuzi yao ya ampea 2 au 3, karibu na pale umeme unapotoka. Vijana wengi hudhani ile fyuzi ya 15 iliyokuwapo yatosha, na hapo ndipo magari yanapoungua: fyuzi ya 15 imewekwa kulinda waya mnene wa kiwandani, hali wewe umeunga uzi mwembamba, nao utayeyuka na kuitia moto kapeti kabla fyuzi haijatambua kuna jambo. Fyuzi za mifuko ya hewa, za breki za ABS na za kompyuta ya injini usiziguse abadan. Na siku utakapozidi kunogewa, ukataka geji ya nne na ya tano, tia relei: moto wake mkubwa utoke kwenye betri kupitia fyuzi, na ule waya wa ON uwe kazi yake ni kuiamrisha tu.

*Mshauri,*
*Nabeba ndizi kwa Fuso kwenda Mwanza. Geji ya moto niliyoinunua ilitoa moshi siku ile ile. Fundi asema nyingine niifunge kwenye betri moja tu kati ya mbili.*
*Mfukizwa, Nyamongo*

Mura, lori lako lina betri mbili zilizoungwa moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo umeme wake ni volti 24, na wewe uliletewa geji ya volti 12. Ushauri wa betri moja utaiponya geji na kuziua betri, kwa kuwa ile inayonyonywa itapungua na mwenziwe itajazwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zichoke kwa sababu tofauti. Nunua geji iliyoandikwa 24V, au kipunguza umeme cha 24 kwenda 12, na hicho nacho ukifunge baada ya waya wa ON.

*Ndugu Mhariri,*
*Naendesha Land Cruiser ya watalii. Mchana geji ya moto yasema kweli. Nikiwasha taa za mbele jioni, mshale wapanda kana kwamba injini inachemsha, nikizizima washuka. Mgeni mmoja aliniuliza kama taa za gari huku zinaendeshwa kwa maji ya moto.*
*Mzee wa Ikoma, Mugumu*

Tata, shikamoo. Waya wa moto wa geji yako sina shaka nao. Shaka yangu ni njia ya kurudia. Geji na taa zimeshirikishwa skrubu moja ya bodi, tena yenye rangi na kutu na vumbi la barabarani, basi taa zikidai njia, geji hukosa pa kukanyagia na husema uongo. Ipe geji waya wake mweusi hadi kwenye chuma ulichokikwangua kikang'aa, ukaze boliti, upake grisi. Kisha chungulia sensa iliyo kwenye injini: kama ni ya waya mmoja, yenyewe hupata bodi kupitia nyuzi zake, na fundi aliyeizungushia ule utepe mweupe wa mabomba ili isivuje maji huenda ameizuia na umeme pia.

*Mpendwa Mshauri,*
*Mume wangu siku hizi akiendesha hanitazami mimi wala barabara, hutazama geji. Nataka niukate ule waya mwekundu.*
*Bi. Msahauliwa, Tarime mjini*

Bibi, usikate, tafadhali. Waya wenye moto ukiachwa wazi nyuma ya dashibodi utakuletea msiba mkubwa kuliko kusahauliwa. Chomoa ile fyuzi ndogo ya ampea 2 uitie mkobani, na umrudishie mtakapofika.

Wasomaji mnaotaka majibu toleo lijalo, andikeni aina ya gari, na mseme ni la volti 12 au 24. Barua zisizo na hayo hazitajibiwa.